Bembea ya Glen Echo: Swali la Mlinzi na Jibu la Mwanafunzi



Katika somo la tafsiri la mwaka wa pili tuna desturi ya kuwapa wanafunzi vifungu vifupi vya habari za kweli ili wavitafsiri kwa Kiswahili. Muhula mmoja kifungu kilihusu uwanja wa burudani ulio karibu na jiji la Washington, nchini Marekani. Kilikuwa cha mistari michache tu: mlinzi anamwuliza kijana swali, na kijana anamjibu. Wanafunzi walidhani ni kazi ya dakika kumi. Tulitumia kipindi kizima, na neno moja bado likatushinda.

Makala haya yanasimulia historia iliyo nyuma ya neno hilo. Tumeona ni vyema kuisimulia kwa urefu kwa sababu mbili. Kwanza, mwalimu wa lugha hawezi kufundisha tafsiri ya maneno ambayo hajui yalisemwa wapi, na nani, kwa nani. Pili, watu wengi hudhani kwamba viwanja vya kuchezea watoto ni jambo dogo, lisilostahili kuandikiwa historia. Tutaona kwamba si hivyo.

Uwanja mwishoni mwa reli

Glen Echo ni mahali penye miti mingi kando ya mto Potomac, katika wilaya ya Montgomery, jimbo la Maryland, nje kidogo ya mpaka wa jiji la Washington. Mwaka 1891 ndugu wawili, Edwin na Edward Baltzley, walifungua hapo kituo cha mihadhara, muziki na masomo kwa watu wazima. Kituo hicho kilipata msimu mmoja tu wa mafanikio. Uvumi ulienea kwamba pana malaria, watu wakaogopa, na shughuli zikafifia. Mkazi aliyeendelea kujulikana hapo alikuwa Clara Barton, mwanzilishi wa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani, ambaye nyumba yake ingali imesimama jirani na uwanja.

Mahali hapo paligeuka kuwa uwanja wa burudani kwa sababu ya usafiri. Mwishoni mwa karne ya 19 miji ya Marekani ilikuwa imejaa magari ya umeme yaliyopita juu ya reli barabarani. Siku za kazi magari hayo yalijaa, lakini jioni na mwisho wa juma yalitembea matupu. Basi kampuni nyingi za reli zikabuni mbinu: kujenga mahali pa kujifurahisha mwishoni mwa njia, ili watu wapande gari hata siku wasiyokwenda kazini. Mwaka 1911 uwanja wa Glen Echo ulinunuliwa na kampuni ya reli na umeme ya Washington, nayo ikaupamba mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1921 ililetwa bembea kubwa ya kuzunguka, iliyotengenezwa na kampuni ya Dentzel ya Philadelphia. Ilikuwa na wanyama 52 wa mbao waliochongwa na kupakwa rangi kwa mkono: farasi 40, sungura 4, mbuni 4, twiga 1, kulungu 1, simba 1 na chui milia 1. Mwaka 1931 lilifunguliwa bwawa la kuogelea la kutosha watu 3,000, na mwaka 1933 likafuata jumba la dansi. Watoto wa Washington wa vizazi kadhaa walikua wakiihesabu safari ya Glen Echo kuwa ndiyo sikukuu yenyewe, kama vile watoto wetu hapa Uganda wanavyoisubiri Idi au Krismasi wapelekwe kwenye bembea.

Lakini si watoto wote.

Lango lililo wazi

Tangu mwanzo Glen Echo ulikuwa uwanja wa watu weupe. Hapakuwa na sheria ya jimbo iliyowalazimisha wamiliki kubagua. Ulikuwa uamuzi wao wenyewe. Jambo la kutazamwa kwa makini na mwalimu wa lugha ni jinsi uamuzi huo ulivyofichwa. Uwanja ulitangazwa sana, na matangazo yake yaliwakaribisha watu kwa jumla bila kutaja rangi. Lango lilikuwa wazi na hapakuwa na kiingilio. Mtu alilipia tiketi za kila mchezo. Kwa hiyo aliyesoma tangazo angedhani kwamba neno "watu" lina maana ileile tuliyoizoea. Ilikuwa mpaka afike kwenye bembea ndipo agundue kwamba katika tangazo lile "watu" halikumhusu yeye.

Mzazi mweusi wa Washington alijua maana hiyo iliyofichika. Mtoto hakuijua. Alisikia tangazo, akaomba kwenda. Martin Luther King alilitaja jambo la namna hii katika barua yake aliyoiandika akiwa gerezani Birmingham mwezi wa Aprili 1963. Alieleza jinsi ulimi wa mzazi unavyokuwa mzito anapotakiwa kumweleza binti yake wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda kwenye uwanja wa burudani ambao ametoka kuuona ukitangazwa kwenye televisheni. Katika barua ndefu iliyozungumzia mauaji, mahakama na dini, King aliona uwanja wa watoto unastahili nafasi. Alijua kwamba hapo ndipo mtoto wa miaka sita anapofundishwa kwa mara ya kwanza kwamba yeye si sawa na wenzake.

Tarehe 30 Juni 1960

Tarehe 1 Februari 1960 vijana wanne weusi walikaa kwenye meza ya chakula ya duka moja mjini Greensboro, North Carolina, wakakataa kuondoka walipokataliwa huduma. Mbinu hiyo ya kukaa kwa amani ilienea upesi. Katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, wanafunzi waliunda kikundi chao cha kupinga ubaguzi bila kutumia nguvu. Baada ya kufanya kampeni kwenye mikahawa ya jirani, waliigeukia Glen Echo.

Jioni ya tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi hao, pamoja na wenzao weupe waliowaunga mkono, walifika uwanjani. Baadhi yao waliingia, wakaenda moja kwa moja kwenye bembea na kupanda wanyama wa mbao. Tiketi walikuwa nazo, zilizonunuliwa na wenzao. Mwendesha bembea hakuiwasha. Bembea ikasimama, na wao wakabaki wamekaa juu yake.

Mlinzi wa uwanja, aliyeitwa Francis Collins, alimfuata kiongozi wa kundi, Laurence Henry, mwanafunzi wa theolojia. Mazungumzo yao yalinaswa na mwandishi wa redio, na ndiyo yaliyokuwa kifungu chetu cha tafsiri. Mlinzi alimwuliza Henry kama yeye ni mweupe au ni mtu wa rangi. Henry akalirudia swali kama mtu asiyeamini alichosikia. Mlinzi akafafanua kwamba anataka kujua asili yake, akitumia lile neno la Kiingereza ambalo huweza kumaanisha rangi, mbari au jamii. Henry akalichukua neno lilelile na kumrudishia: akasema yeye ni wa jamii ya wanadamu.

Mlinzi hakucheka wala hakubadili nia. Aliwaambia waliokuwa kwenye bembea kwamba uwanja hauwapokei watu weusi, akawapa dakika tano waondoke. Walimwonyesha tiketi zao na kubaki walipo. Watano kati yao walikamatwa: William Griffin, Marvous Saunders, Michael Proctor, Cecil Washington na Gwendolyn Greene.

Tarehe hiyo wasomaji wetu wa upande wa magharibi wataikumbuka kwa sababu nyingine. Siku hiyohiyo, 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru kutoka kwa Wabelgiji, na mjini Léopoldville, leo Kinshasa, Patrice Lumumba alihutubia mbele ya Mfalme Baudouin. Miongoni mwa madhila aliyoyataja lilikuwamo moja la lugha: kwamba Mwafrika aliitwa kwa kiwakilishi cha Kifaransa cha kumwitia mtoto au mtu wa chini, ilhali kile cha heshima kiliwekwa akiba kwa ajili ya Wazungu. Vijana wa Howard hawakupanga siku yao kwa kufuata ya Lumumba, zilikutana tu. Lakini kwetu sisi walimu wa lugha mkutano huo una mafunzo. Katika mabara mawili, siku moja, watu walikataa kuitwa kwa neno walilochaguliwa na wengine.

Langoni kiangazi kizima

Kukamatwa kwa wale watano hakukumaliza jambo. Wanafunzi walirudi na mabango, wakaandamana mbele ya lango siku baada ya siku hadi msimu ulipofungwa. Waliungwa mkono na wakazi wa Bannockburn, mtaa wa jirani wenye Wayahudi wengi, ambao waliwaletea chakula na vinywaji na kuandamana pamoja nao. Upande wa pili walisimama wafuasi wa Chama cha Wanazi wa Marekani, kilichoongozwa na George Lincoln Rockwell, wakiwa na mabango yao ya chuki. Hebu tuwaze: watu weusi na Wayahudi upande mmoja, wafuasi wa Hitler upande wa pili, na katikati yao lango la uwanja wa watoto. Miaka 15 tu ilikuwa imepita tangu Vita Vikuu vya Pili kumalizika.

Mwezi wa Machi 1961 wamiliki walitangaza kwamba msimu utakaofuata uwanja utakuwa wa wote. Ukafunguliwa, na watoto weusi wakapanda bembea. Wale waliokaa juu yake bila kuzunguka walikuwa wamekwisha kuelekea kwingine. Gwendolyn Greene, kwa mfano, mwaka huohuo wa 1961 alishiriki katika safari za mabasi za kupinga ubaguzi katika majimbo ya kusini, akafungwa gerezani Mississippi. Baadaye, akijulikana kama Gwendolyn Britt, alichaguliwa kuwa seneta katika baraza la jimbo la Maryland, lile jimbo lililomshtaki. Alifariki mwaka 2008 akiwa bado na wadhifa huo.

Mahakamani

Huku nyuma kesi ya watano ilikuwa ikipanda ngazi za mahakama. Walikuwa wametiwa hatiani kwa kosa la kuingia katika mali ya mtu bila ruhusa, na mahakama ya rufani ya Maryland ilithibitisha hukumu. Hoja ya upande wa jimbo ilikuwa rahisi kueleweka: uwanja ni mali ya mtu binafsi, na mwenye mali huchagua mgeni wake.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kwa jina la Griffin dhidi ya Maryland. Tarehe 22 Juni 1964 mahakama iliwafutia hatia. Jaji Mkuu Earl Warren aliijenga hukumu juu ya beji. Collins alikuwa mwajiriwa anayelinda uwanja, lakini pia alikuwa ameapishwa kuwa naibu wa sherifu wa wilaya kwa maombi ya uwanja wenyewe, na alipowakamata wanafunzi alikuwa amevaa beji hiyo. Alipotoa amri, serikali ndiyo iliyokuwa ikisema kwa kinywa chake, na serikali hairuhusiwi kubagua. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Julai 1964, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi katika hoteli, mikahawa na kumbi za burudani nchini kote.

Ni vyema kukumbuka kwamba wakati hukumu inatolewa, uwanja ulikuwa umekwisha kuwa wazi kwa miaka mitatu. Kwa hiyo si mahakama iliyofungua lango la Glen Echo. Lilifunguliwa na watu waliosimama mbele yake juani.

Bembea ya pili

Glen Echo haukuwa peke yake. Karibu na Baltimore, jiji kubwa kuliko yote la Maryland, palikuwa na uwanja wa Gwynn Oak. Huko maandamano yalianza mwaka 1955, na wamiliki walishikilia msimamo wao kwa miaka minane. Tarehe 4 Julai 1963, siku ya sikukuu ya uhuru wa Marekani, watu zaidi ya 280 walikamatwa langoni, wakiwamo makasisi Wakatoliki, wachungaji na marabi. Siku tatu baadaye wengine wengi walikamatwa tena.

Makubaliano yalifikiwa, na uwanja ulifunguliwa kwa wote tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile ambayo umati ulikusanyika Washington kumsikiliza Martin Luther King akiisimulia ndoto yake. Siku hiyo mtoto mweusi wa kwanza alipanda bembea ya Gwynn Oak. Aliitwa Sharon Langley na alikuwa hajatimiza mwaka mmoja. Baba yake alisimama kando yake akimshika asianguke. Mtoto huyo hakujua chochote cha yale yaliyotangulia, na hicho ndicho waandamanaji walichokuwa wakikitaka: mtoto mweusi apande bembea bila kulazimika kujua chochote.

Kilichobaki

Viwanja vyote viwili havikudumu. Glen Echo ulifungwa baada ya msimu wa 1968. Gwynn Oak uliharibiwa na mafuriko ya tufani iliyoitwa Agnes mwezi wa Juni 1972. Lakini kila kimoja kiliacha kitu kimoja, na ni kilekile: bembea.

Bembea ya Gwynn Oak ilihamishiwa Washington mwaka 1981, ikawekwa kwenye uwanja mpana ulio kati ya jengo la Bunge na sanamu ya Lincoln, si mbali na pale King alipohutubia. Bembea ya Glen Echo iliuzwa mwaka 1970, na ilikuwa karibu kupelekwa mbali. Wakazi wa jirani walichanga dola 80,000 wakainunua irudi mahali pake. Eneo lote liliingia mikononi mwa Idara ya Mbuga za Taifa mwaka 1971. Kuanzia mwaka 1983 kazi ya kuondoa tabaka za rangi zilizopakwa juu ya wale wanyama 52 na kurudisha sura yao ya awali ilichukua miaka 20. Leo mahali pale ni kituo cha sanaa na dansi, na simba, twiga na mbuni wa mwaka 1921 wangali hapo.

Nakiri kwamba wanyama hao hunisumbua akili. Wachongaji wa Philadelphia waliwataka simba, twiga na mbuni, wanyama wa bara letu, nao wakapata nafasi katika bembea tangu siku ya kwanza. Mtoto ambaye mababu zake walitolewa katika bara hilohilo alingoja miaka 40.

Hitimisho: neno lililotushinda

Sasa turudi darasani. Mlinzi aliuliza kwa neno moja, na Henry akajibu kwa neno lilelile. Nguvu ya jibu lake iko hapo. Kiswahili kinatupa maneno mengi: rangi, mbari, asili, kabila, taifa, jamii. Tukisema "wewe ni wa rangi gani?", jibu la "jamii ya wanadamu" linaachana na swali. Tukisema "wewe ni wa mbari gani?", jibu la "mbari ya wanadamu" linashika, lakini hakuna mlinzi yeyote anayeuliza hivyo, neno hilo ni la vitabuni. Mwanafunzi mmoja alitukumbusha kwamba Luganda ina neno eggwanga, linalobeba kabila na taifa pamoja, na kwamba kwa lugha hiyo mchezo wa maneno ungekaribia kukubali.

Kisha mwanafunzi mwingine, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwamba kwa Kiswahili cha huku kwetu swali la mlinzi lipo na tunalijua sote. Tunaulizwa kwenye basi, kwenye chumba cha kupanga, wakati mwingine hata kwenye ofisi tunapoomba kazi: "Wewe ni kabila gani?" Na jibu lake akalipendekeza kwa maneno mawili tu baada ya kiwakilishi: "Mimi ni mtu."

Darasa lilinyamaza. Kitaaluma tafsiri hiyo ina kasoro, kwa maana mlinzi wa Maryland hakuuliza habari za kabila, na neno la swali halirudi katika jibu. Niliieleza kasoro hiyo kama inavyonipasa. Lakini tangazo la Glen Echo liliwakaribisha "watu", na bembea ilisimama kwa sababu mtu fulani aliamua kwamba waliokaa juu yake hawamo katika neno hilo. Nilimpa mwanafunzi alama zake.

Kazi kwa darasa

1. Tafsiri mazungumzo ya mlinzi na mwanafunzi kwa Kiswahili na kwa lugha yako ya kwanza. Ni lugha ipi inayohifadhi vizuri zaidi kurudiwa kwa neno? Eleza sababu.

2. Tafuta tangazo lolote la biashara linalotumia maneno "watu wote" au "karibuni nyote". Jadili ni nani anayehusika kweli katika maneno hayo, na ni nani aliyeachwa bila kutajwa.

3. Tofautisha matumizi ya maneno kabila, mbari, taifa na jamii kwa kutunga sentensi mbili kwa kila neno.